Neno "isipokuwa"

Nilikuwa barazani nachambua choroko redio iliposema Mahakama Kuu ya Malindi imetoa hukumu ya kesi ya yule mtoto wa Ganze, huku kwetu pwani ya Kenya. Nikauweka ungo chini. Huu ni mwezi wa Machi 2022, nimestaafu uuguzi mwaka wa tatu sasa, lakini nikisikia Ganze, polisi na mimba kwa pumzi moja, moyo hunienda mbio kama niko zamu.

Nianze na kesi yenyewe, maana nimeona watu wanaandika ati mahakama imeruhusu kila mtu atoe mimba atakavyo. Walioandika hivyo hawakuisoma.

Septemba 2019, msichana wa skuli ambaye mahakamani anajulikana kwa herufi tatu tu, PAK, alishikwa na maumivu makali na kutokwa na damu. Alikuwa hajatimiza miaka 18. Akapelekwa kliniki. Afisa wa kliniki aliyempokea akampima, akaona mimba imeshaharibika, akamsafisha kizazi. Kabla matibabu hayajaisha, polisi wakaingia na kuwachukua wote wawili. Msichana akalazwa kituoni badala ya kitandani. Akalazimishwa kupimwa mara ya pili, halafu akawekwa rumande ya watoto kwa zaidi ya mwezi. Yeye akashtakiwa kwa kutoa mimba, na aliyemtibu kwa kuitoa. Mwaka 2020 wakaenda Mahakama Kuu kulalamika kwamba haki zao za kikatiba zimevunjwa.

Jaji Reuben Nyakundi amefuta mashtaka. Amesema huduma ya kutoa mimba, pale inaporuhusiwa na Katiba, ni haki ya msingi. Amesema kuwakamata ovyo wagonjwa na wanaowahudumia ni kinyume cha sheria, na kwamba yale anayoambiana mgonjwa na tabibu wake ni siri inayolindwa na Katiba. Na amelielekeza Bunge litunge sheria na sera zinazolingana na Katiba.

Sasa wacha niseme kwa nini nililia juu ya choroko.

Kifungu cha 26 cha Katiba yetu kinahusu haki ya kuishi. Sehemu ya pili inasema uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Sehemu ya nne, kwa Kiswahili changu, inasema hivi: utoaji mimba hauruhusiwi isipokuwa, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyehitimu, pana haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au kama sheria nyingine yoyote iliyoandikwa inaruhusu.

Mimi nilifanya kazi zahanati na vituo vya afya vya bara huku pwani miaka 27. Katika miaka hiyo sikukutana na mtu, awe chifu, afande, mwalimu, hata bosi wangu mwenyewe, ambaye hakuyajua maneno matatu ya mwanzo. Utoaji mimba hauruhusiwi. Hayo yote tunayo kichwani. Neno la nne ndilo hatukulisoma.

Katiba hii tuliipigia kura tarehe 4 Agosti 2010. Nakumbuka foleni, nakumbuka rangi ya kijani ya Ndiyo na nyekundu ya La, na nakumbuka makanisa yakihubiri kwamba tukipitisha tutakuwa tumehalalisha uuaji wa watoto. Waislamu tulikuwa na hoja yetu ya mahakama za kadhi, kwa hiyo kifungu cha 26 wengi wetu hatukukishughulikia. Asilimia 67 tukasema Ndiyo. Basi tukarudi kazini, na Kanuni ya Adhabu ya tangu enzi ya mkoloni ikabaki kabatini kama ilivyokuwa: kifungu cha 158, anayetoa mimba ya mwenzake, miaka 14, cha 159, mwanamke mwenyewe, miaka 7, cha 160, anayetoa dawa au kifaa, miaka 3. Hakuna aliyekuja kutueleza hizi sheria mbili zinakaaje nyumba moja.

Nasema uongo, alikuja mmoja. Septemba 2012 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kupunguza vifo na madhara ya utoaji mimba usio salama. Nakala moja ilifika kwetu. Kijitabu tu, lakini kwangu kilikuwa kama taa. Kilisema mtaalamu wa afya ni nani, nini ni dharura, mgonjwa akija hivi unafanya hivi, akija na ubakaji unafanya hivi. Niliweka vipande vya karatasi kwenye kurasa nilizokuwa nikizirudia, na nilikuwa nakiweka kwenye droo ya meza ya chumba cha kuzalia, juu ya glavu, nisipoteze muda kukitafuta.

Desemba 2013 mwongozo huo ukaondolewa kwa barua. Februari 2014 ikaja barua nyingine: mafunzo yasiendelee, na mfanyakazi atakayehudhuria au kutumia dawa za kutoa mimba atachukuliwa hatua. Msimamizi wetu alisoma mbele yetu asubuhi, akaikunja, akasema, "Mmesikia." Hakusema zaidi. Kijitabu changu kikachukuliwa, na vipande vyangu vya karatasi ndani yake.

Nataka nieleze jambo moja la rejista, kwa sababu mtu asiyefanya kazi zetu hawezi kulijua.

Kiswahili kina adabu katika jambo hili. Mimba ikitoka yenyewe tunasema imeharibika, au imetoka. Ikitolewa, imetolewa, au imeavywa. Mama mzee kabisa wa kijijini hachanganyi. Lakini rejista yetu huandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza cha hospitali kina neno moja tu kwa zote mbili: "abortion". Mke wa mtu aliyetafuta mtoto miaka sita na mimba ikamtoka ya miezi mitatu, ukimwandika vile ulivyofundishwa chuoni, umemwandika kwa neno lilelile ambalo polisi analijua kuwa ni kosa la jinai. Kuna maneno madogo ya kutofautisha mbele yake, lakini nani asiye wa fani anayajua?

Siku moja walikuja maafande wawili. Walikuwa na heshima, sitasema walinitukana. Mmoja akaomba aione rejista ya mwezi ule, na mimi, Mungu anisamehe, nikampa. Akapitisha kidole kwenye safu, akasimama kwenye neno lile. Kidole chake kilikuwa na wino wa bluu kwenye kucha, naiona mpaka leo.

"Sista, huyu alitoa?"

"Hapana, afande. Hiyo ilitoka yenyewe. Mama ni mgonjwa wa presha."

"Lakini umeandika alitoa."

"Sikuandika alitoa. Hilo ni jina la ugonjwa."

Alinitazama kama ninayemzungusha. Akaandika jina la yule mama kwenye daftari lake. Hakikutokea kitu baadaye, alhamdulillahi, lakini tangu siku hiyo nikabadilisha uandishi wangu. Nikawa naandika "anatoka damu" na kuacha hapo. Wenzangu nao wakaanza kuandika malaria, uchafu wa mkojo, tumbo. Ukitaka kujua kwa nini hesabu za vituo vyetu hazielezi ukweli, anzia hapo.

Halafu sasa yule msichana wangu.

Ilikuwa 2014, miezi kama minne baada ya barua ya pili. Saa tatu usiku, bodaboda ikasimama nje, nikasikia mwanamke anaita "Sista! Sista!" kwa sauti ile ambayo huhitaji kuuliza. Alikuwa shangazi wa mtoto, mtoto mwenyewe amekaa katikati yake na dereva, kichwa kimelala begani. Walimteremsha wakamlaza benchi. Alikuwa amefungwa leso mbili, ya ndani imekunjwa mara nne, na damu imepita zote mpaka kwenye kiti cha pikipiki. Nikamfunua kope: nyeupe kama karatasi. Mkono baridi. Mapigo ya moyo ya haraka na mepesi, unayatafuta kwa kidole yanakuponyoka. Na harufu. Aliyewahi kuisikia harufu ile anajua kwamba si ya siku ile, kuna kitu kimekaa ndani siku tatu au nne.

Shangazi akaniinamia sikioni. "Alikunywa dawa ya miti. Halafu mtu akamtia kitu. Sikujua, sista, wallahi sikujua mpaka leo."

Nilikuwa na dripu. Nilikuwa na sindano ya kubana kizazi. Nilikuwa na viuavijasumu vya sindano. Na kwenye kabati la chini, ndani ya boksi, nilikuwa na lile bomba la plastiki la kunyonya masalio ya mimba, linalofanana na sindano kubwa, na nilifundishwa kulitumia na nimelitumia mara nyingi. Dakika kumi na tano za kazi, ishirini nikienda polepole.

Nilimtia dripu na nikamchoma sindano. Kabati la chini sikulifungua.

Nimejiuliza kwa miaka minane kwa nini. Barua haikukataza kumtibu anayetoka damu. Hilo nilijua hata usiku ule. Katiba, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, na kama yule mtoto hakuwa dharura basi neno hilo halina maana. Lakini nilisikia "Mmesikia" ya msimamizi, nikaona kile kidole chenye wino, nikahesabu watoto wangu watatu na karo yao, nikahesabu miaka 14. Nikaandika barua ya rufaa. "Anatoka damu." Nikamwambia shangazi mpelekeni hospitali kubwa, hapa sina vifaa.

Sina vifaa. Hivyo ndivyo nilivyosema, na boksi liko mita mbili kutoka miguuni pangu.

Gari la kuwachukua likapatikana saa saba ya usiku. Alifika hai. Kule alipofika wakamweka kwenye benchi wakimuuliza nani alimtoa, polisi wameitwa au bado. Alikaa hospitali siku nyingi. Walimfungua, wakamtoa kizazi chote, kilikuwa kimeoza. Shangazi ndiye alinieleza, baada ya miezi miwili, aliponikuta sokoni. Hakunilaumu. Alinishukuru kwa dripu. Nilikwenda nyumbani bila kununua nilichokifuata.

Alikuwa na miaka kumi na saba. Leo ana ishirini na tano. Sitasema zaidi juu yake, maisha ni yake.

Mwaka huohuo, upande mwingine wa nchi, mtoto mwingine alikuwa anapita njia hiyohiyo. Yeye mahakama ilimwita JMM. Alibakwa akiwa na miaka 14, huko Kisii, akashika mimba, ikatolewa kwa njia isiyo salama Desemba 2014. Akapelekwa kituo hadi kituo mpaka akafika hospitali ya Kenyatta. Figo zikafa. Juni 2015 mama yake, pamoja na shirika la wanasheria wanawake FIDA-Kenya na wengine, wakafungua kesi dhidi ya serikali kwa kuuondoa ule mwongozo. JMM alifariki Juni 2018, kesi haijakatwa. Tarehe 12 Juni 2019 majaji watano wakasema kuondoa mwongozo na kupiga marufuku mafunzo kulikuwa kinyume cha Katiba, kwamba afya katika kifungu cha 26 ni pamoja na afya ya akili, na kwamba aliyebakwa akashika mimba anaweza kuitoa iwapo, kwa maoni ya mtaalamu, maisha au afya yake imo hatarini. Mama yake akapewa fidia ya shilingi milioni tatu.

Mimi nilikuwa nastaafu mwaka huohuo. Nilisoma habari hiyo kwenye simu nikiwa kwenye chumba kilekile. Nikafungua droo, kama mtu anayetarajia kijitabu kimerudi chenyewe. Glavu tu.

Miezi mitatu baadaye, Septemba, polisi wakaingia kliniki ya Ganze. Huu mpangilio wa tarehe ndio unaonitia uchungu. Majaji watano wa Nairobi wameshasema, magazeti yameshaandika, na bado afande anaingia kwa mgonjwa anayetoka damu kwa sababu kilichomfikia yeye ni yale maneno matatu tu. Hukumu ya Nairobi haikufika Ganze kwa miezi mitatu. Je, hii ya Malindi itachukua muda gani kufika Bamba, Vitengeni, Magarini?

Kaka yangu mkubwa alipita jana baada ya alasiri. Amefundisha madrasa maisha yake yote, na ni mtu ninayemheshimu. Alikuwa amekasirika.

"Uhai unaanza mimba inapotungwa," akasema. "Hata Katiba yao imesema."

"Kweli, Kaka. Kifungu cha 26, sehemu ya pili. Sasa teremka mpaka ya nne."

Nikampa simu. Akavaa miwani, akasoma midomo ikicheza kama anavyosoma kila kitu. Akafika "isipokuwa", akarudi nyuma, akasoma tena. Akanyamaza kidogo.

"Watu watalitumia vibaya neno hili, dada yangu."

Sikumjibu pale pale, maana najua anachoogopa na sitaki kumfanya mjinga. Na mimi sifurahii mimba kutolewa. Nimepokea watoto wengi mno kwa mikono hii, nimewasikia wakilia mara ya kwanza, sijawahi kuzoea. Lakini miaka 27 yote nilikuwa pale mlangoni. Wasichana waliotaka kutoa mimba walizitoa, Katiba iruhusu isiruhusu, kwa miti ya mihogo, kwa vidonge vya klorokwini, kwa majivu na chai ya rangi nzito. Utafiti wa Wizara ya Afya na kituo cha utafiti cha APHRC uliotolewa 2013 ulikadiria mimba karibu 465,000 zilitolewa nchini mwaka 2012, na wanawake karibu 120,000 wakatibiwa kwa madhara yake. Huo ulikuwa mwaka ambao polisi walikuwepo, miaka 14 ilikuwepo. Waliozuiwa na woga tulikuwa sisi tulio na bomba kabatini. Nikamwambia Kaka hivyo, na nikamweleza habari ya boksi. Sikuwahi kumweleza mtu yeyote wa nyumbani. Alikaa na miwani mkononi mpaka adhana ya magharibi, akaondoka bila kumaliza chai yake.

Najua Katiba haiwezi kufungua kabati. Anayelifungua ni muuguzi wa zamu, saa tatu usiku, akiwa peke yake na mtungi wa gesi unaokwisha. Ndiyo maana agizo kwa Bunge ndilo ninaloliangalia zaidi kuliko yote katika hukumu hii. Vifungu vya 158 mpaka 160 bado vimo kitabuni. Muuguzi hatakiwi awe mwanasheria ndipo ajue kama mgonjwa wake ni mgonjwa au ni ushahidi. Iandikwe, kwa lugha inayosomeka, ibandikwe ukutani karibu na chati ya chanjo. Na kituo cha polisi kipate nakala yake siku hiyohiyo.

Leo asubuhi amenipigia msichana niliyemfundisha kazi, sasa ndiye anayeshika zahanati yangu ya mwisho. Amesikia redio naye.

"Mama, sasa nikipata wa hivyo niandike nini kwenye rejista?"

"Andika ulichokiona. Saa aliyofika, presha, damu kiasi gani, ulimpa nini, ulimfanyia nini. Andika yote."

"Na lile neno?"

"Liandike. Ni jina la ugonjwa."

Akasita. "Na afande akija kuomba rejista?"

"Mpe kiti, mpe maji. Rejista isitoke kabatini. Akisisitiza, mwambie akuletee amri ya mahakama, kisha unipigie mimi, saa yoyote."

"Lile bomba liko, lakini mipira yake imekauka."

Nikamwambia nitamtafutia mwingine kabla ya Ramadhani kuingia. Akasema pana mtu mlangoni, akakata simu.